Muulize Fundi: Nina laki nane, kaunta ya jikoni niweke nini?

Mwezi huu maswali ya jiko yameyapita ya choo, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu nianze kujibu barua humu, na karibu yote ni ya kaunta. Nimechukua matano. La kwanza nalijibu kwa kirefu maana dada wa watu kanipigia hesabu zote mpaka ya fundi, na mtu akihangaika hivyo haifai umjibu mistari miwili.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi mama wa watoto wawili, tunaishi Chanika kwenye nyumba yetu, tulihamia haijaisha si unajua tena. Jikoni fundi wa kwanza alitumwagia zege la kaunta la umbo la L, kila mkono mita 2.4, upana sentimita 60, akaacha ivo ivo, mwaka wa tatu huu naandalia chakula juu ya simenti inanyonya kila kitu na mende wamejaa kwenye nyufa. Sinki litakaa dirishani, jiko la gesi lipo mkono wa pili kule mwisho. Sasa kikoba tumevunja nimepata mgao wangu, nina laki nane ya jiko na haiongezeki. Mume wangu anataka granaiti nyeusi inayong'aa, aliiona kwa bosi wake. Nimezunguka maduka, granaiti wanasema 180,000 kwa mita ikiwa imeshachongwa ukingo, wakanipigia mita 4.8 jumla 864,000, hapo sinki bado. Tailizi za posileni za 60 kwa 60 katoni ya vipande vinne 38,000. Sinki nimeona la 95,000 na fundi anataka 120,000. Shoga yangu anasema weka tailizi yaishe, wifi yangu anasema kaunta ya tailizi ushamba. Nikikosea hapa hela ingine sijui lini. (Mama wawili, Chanika)

JIBU: Marahaba dada yangu. Kabla ya yote, umepigwa kwenye kona. Chukua daftari la mtoto uchore hiyo L. Mkono wa kwanza mita 2.4, sawa, hapo ndani ile kona ya sentimita 60 kwa 60 imo tayari. Mkono wa pili unaanza kona inapoishia, kwa hiyo wenyewe ni mita 1.8 na sio 2.4. Jumla mita 4.2. Hao wamekuuzia kona moja mara mbili, sentimita 60 za hewa, na kwa bei yao hewa hiyo ni 108,000, yani sinki lako lote na nauli ya kurudi nalo. Sisemi wote wanafanya makusudi, wengine wanapitisha futi ukutani wanajumlisha tu, ila hela inayotoka ni yako. Na ukienda duka lingine uliza mapema bei ni ya nini, mita ya urefu, mita ya mraba au futi ya mraba, maana mita moja ya mraba ina futi za mraba kumi na kitu na hapo watu wengi wanadhani wamepata bei rahisi kumbe kipimo ndo kidogo.

Haya, hata tukirekebisha, mita 4.2 ni 756,000. Unabaki na 44,000, hujanunua sinki hujamlipa fundi. Granaiti kaunta nzima haiwezekani na sitaki nikudanganye. Ila sio lazima uchague moja, na hapa ndo naachana na shoga yako na wifi yako wote wawili.

Jiulize kazi inafanyikia wapi. Wengi wetu hatutumii kaunta yote, tunatumia kama mita moja pembeni ya jiko, pale ndo unakatia kitunguu, unasukumia chapati, unatua sufuria ya wali ikitoka motoni. Kwingine kote kunakaa ndoo ya maji, kapu la vyombo na chaji ya simu ya baba. Jiwe liweke pale pa kazi na kwingine weka tailizi. Kwa hiyo mkono wa jiko wote, mita 1.8, granaiti. Mkono wa dirishani wenye sinki, mita 2.4, posileni.

Tailizi yenyewe isikuogopeshe, posileni inahimili moto wa sufuria vizuri tu na ndimu haiifanyi kitu. Ugonjwa wake uko kwenye mistari. Unga wa chapati unaingia mule, binzari inaingia, na ukiponda tangawizi kwa nguvu juu ya kipande kilichopangwa vibaya kinapasuka. Ndo maana pa kazi nataka jiwe lisilo na mstari. Upande wa sinki kinyume chake, pale tailizi inakuokoa, kwa sababu kukata tundu la sinki ni kazi ya hatari, grinda ikiteleza kwenye tailizi umepoteza kipande cha 9,500, ikiteleza kwenye granaiti umepoteza jiwe zima na fundi kazima simu.

Hesabu sasa. Granaiti mita 1.8 kwa 180,000 ni 324,000. Tailizi: juu vipande vinne kamili, 60 mara nne ndo 2.4 yako, wala hazikatwi ispokuwa ya sinki. Ukingo wa mbele kipande kimoja kinachanwa vipande vyembamba vinatosha mkono mzima. Ukutani nyuma ya kaunta nusu tailizi kimo cha sentimita 30 kuzunguka mita 4.8 (hapa sasa ndo 4.8 inahusika), vipande vinne. Jumla tisa. Nunua katoni tatu, 114,000, utabaki na vitatu, viweke chini ya kitanda usimpe mtu, baada ya miaka miwili ukihitaji kimoja rangi ile haitakuwepo dukani. Weka sinki 95,000 na fundi 120,000. Tumefika 653,000. Umebaki na 147,000 ya gundi ya tailizi, grauti (ile ya kuziba mistari kati ya tailizi), silikoni, vyuma vya pembeni, bomba la chini ya sinki na bajaji.

Na hiyo granaiti isiletwe na bajaji imelala. Jiwe la mita 1.8 lenye unene wa sentimita 2 lina kama kilo 58, linabebwa wima kama kioo, likilazwa likaning'inia katikati linavunjika kwa uzito wake lenyewe. Nimeona limevunjika mlangoni kwa mtu, mita mbili kabla ya jiko, wabebaji wanne wote wanaangalia juu.

Kuhusu posileni, wauzaji wengi watakupa za ukutani zenye kung'aa wakuambie ndo hizo hizo. Geuza kipande, mwaga tone la maji mgongoni. Likinyonywa palepale kama unamwagia mkate hiyo ni ya ukutani, rudisha. Likikaa juu linakutazama, hiyo sawa. Grauti chukua ya kijivu cha kukoza, nyeupe mwezi mmoja tu imekuwa ya manjano kwa binzari, na mistari iwe myembamba, milimita mbili. Mwambie fundi gundi aipake kipande kizima na sio madonge matano kama anaweka mandazi, halafu kesho yake pita na sarafu unagonga kila kipande. Kinacholia tupu kitolewe siku hiyo hiyo kabla hujamlipa iliyobaki. Granaiti ikae kwanza, tailizi zifuate usawa wake, maana jiwe nene na tailizi nyembamba, akianza na tailizi utapata ngazi pale kwenye kona na kitambaa cha kufutia kitakuwa kinakwama kila siku. Hapo zinapokutana aweke silikoni, asiweke grauti.

Kabla ya yote hayo hizo nyufa za mende zizibwe kwa simenti na zege lipimwe na pima maji. Usifunike ugonjwa.

Sasa shemeji na weusi wake. Sina ugomvi naye, nyeusi ni jiwe zuri na gumu, ila ziko zinazopakwa rangi zionekane nyeusi zaidi. Nenda na asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha na kitambaa cheupe, sugua kipande cha mabaki dukani, kitambaa kikitoka na weusi acha. Halafu mwambie ukweli mmoja, kama maji yenu ni ya kisima na yana chumvi, kila glasi itaacha duara jeupe na nyeusi inaonyesha kila kitu. Yenye madoadoa ya kijivu inaficha. Akikubali awe anafuta yeye, weka nyeusi.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nipo Tanga, mke wangu anatengeneza achari za kuuza. Mwaka jana niliweka kaunta nyeupe yenye mishipa ya kijivu, muuzaji alisema granaiti nyeupe, sasa imejaa alama zimefifia kama mtu kamwagia kitu, kusugua hazitoki. Fundi mwingine ananiambia nipake sila. Wengine nibadilishe niweke kwatzi. Nifanyeje?

JIBU: Hiyo sio granaiti kaka, ni mabo, pole. Na neno letu wenyewe linatuponza, mtu akisema marumaru mwingine anaelewa jiwe, mwingine anaelewa tailizi za sakafuni, katikati hapo muuzaji anapita na hela. Mabo ni jamaa ya chokaa, ndimu ikiigusa inaila, ukwaju unaila, siki inaila, yani biashara ya mkeo yote ni sumu ya jiwe hilo. Alama unazoziona sio uchafu, ni mng'ao umeliwa, ndo maana hazisuguliki. Sila usinunue kwa sababu hiyo. Sila inazuia mafuta na rangi isizame ndani ya jiwe, asidi haizuiwi na sila, itaila juu vile vile na utakuwa umetoa hela mara mbili.

Kama jiwe bado zima usilitoe. Mwite fundi mwenye mashine ya kung'arishia alisage lote liwe halina mng'ao, lile la kufifia sawasawa, hapo alama mpya hazitaonekana sana. Halafu mkeo umnunulie meza ya bati la steni (lile lisiloshika kutu) ya kufanyia achari, hata ya mtumba kutoka kwa waliofunga mgahawa, ndimu hailiwezi.

Kwatzi ni nzuri kwa ndimu lakini iangalie vizuri, ni unga wa mawe kama asilimia 90 na kinachobaki ni gundi ya plastiki, sufuria ya moto ikikaa juu gundi inaungua na hapo hakuna kusugua. Na vumbi lake likikatwa ni baya mno kwa mapafu ya fundi, Australia walipiga marufuku mawe hayo ya kutengenezwa kuanzia tarehe 1 Julai 2024 baada ya mafundi kuumwa. Granaiti nayo vumbi lake si la mchezo. Yeyote anayekata jiwe kwako akate nje, akate na maji. Akiwasha grinda kavu jikoni watoto wapo sebuleni mtoe nje na grinda yake.

Siku nyingine ukienda kununua nenda na ndimu mfukoni. Kamulia kwenye kipande cha mabaki, subiri dakika kumi, futa. Pakififia ni mabo. Muuzaji akikukataza kujaribu ameshakujibu.

SWALI: Fundi naomba unieleze, mi nipo Mwanza, nyuma ya nyumba yangu kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Kwanini ninunue granaiti iliyotoka mbali kwa meli wakati naishi juu yake?

JIBU: Umenichekesha lakini swali lako ni la maana. Ni kweli mawe ya Mwanza ni granaiti na yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Shida haiko kwenye jiwe, shida ni kulitoa ubao wa sentimita 2 usiopasuka. Hilo la nyuma limepigwa jua na mvua likajaa nyufa, na linataka msumeno wa almasi mkubwa kuliko sebule yako, wewe una nyundo.

Kinachowezekana ni terazo, yani simenti yenye kokoto inayosagwa mpaka ing'ae. Wale wanaoponda kokoto kwa mkono waambie wakuchekechee zile ndogo, milimita tano mpaka kumi, uzioshe mpaka maji yawe safi. Unatengeneza kalibu ya mbao, unaweka wavu wa chuma, unamwaga zege kisha safu ya juu ya sentimita mbili ya simenti na kokoto zako, kokoto nyingi simenti kidogo. Unalimwagilia wiki nzima bila uvivu. Halafu linasagwa kwa mashine, jiwe la kusagia la kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, matundu unayaziba kwa simenti kati ya awamu moja na nyingine. Zile sakafu za nyumba za zamani za serikali ambazo hadi leo zinang'aa ndo kazi hiyo.

Mambo mawili lakini. Kokoto za granaiti ni ngumu kusaga kuliko za mabo zinazotumika kawaida, fundi atalalamika na mawe ya mashine yataisha haraka, mkubaliane mapema. Na simenti iliyo katikati ya kokoto inaliwa na ndimu kama mabo, kwa hiyo kibao cha kukatia ni lazima. Kukodi mashine kwa ajili ya kaunta ya mita tatu peke yake hailipi, ila kama una mpango wa sakafu pia fanya vyote siku moja. Utakuwa na kaunta ya jiwe la kwenu kweli.

SWALI: Hujambo fundi, nakuandikia kutoka Mombasa. Niko nyumba ya kupanga, kaunta ni ya mbao za kubanwa na fomaika (ile karatasi ngumu ya plastiki) juu, karibu na sinki imefura kama mkate. Landilodi hasikii. Naweza kuweka tailizi juu yake kwa pesa kidogo?

JIBU: Sijambo mama. Usiweke tailizi hapo. Mbao hiyo ikishafura hairudi chini, na itaendelea kucheza kila ikilowa, tailizi zitaachia moja moja. Halafu ni nyumba ya mtu, unamjengea halafu anakupandishia kodi.

Maji yanapita ukingoni mwa sinki yanakuta mbao imekatwa wazi kule chini. Kwa hiyo ondoa silikoni kuukuu, acha pakauke siku mbili tatu bila kutumia sinki (najua ni adhabu, omba kwa jirani), ingia chini upake rangi ya mafuta kwenye ule ukingo wa mbao mara mbili, halafu silikoni mpya ya bafuni. Piga picha kabla na baada, umtumie landilodi kwa simu hata kama hajibu, siku ya kurudishiwa dipoziti hizo picha ndo wakili wako. Kwa ajili ya kufanyia kazi nunua plaiwudi ya marini ya milimita 18, ipakwe vanishi pande zote na hasa kwenye kingo, uitandike juu bila kuigongomelea. Ukihama unahama nayo.

SWALI: Anko, tundu la sinki likikatwa kwenye granaiti, kile kipande cha katikati ni cha nani? Fundi wangu kaondoka nacho.

JIBU: Ni chako, ulilipia mita nzima bila kutolewa tundu. Mpigie leo kabla hakijawa kaunta ya mtu mwingine. Akikileta mwambie akipitishie grinda pembeni kingo zisikate mkono, nje na kwa maji kama nilivyosema. Kama sinki lako ni la kawaida kitakuwa kama sentimita 45 kwa 40, kilo kumi hivi, weka kitambaa kibichi chini yake na umepata kibao cha kusukumia chapati kisichotembea mezani, na unga hauoti joto haraka. Mke wangu anacho tangu nikiwa bado naenda saiti, na katika kazi zangu zote ndo kitu pekee amewahi kukisifia mbele za watu.